Makumbusho, Maigizo na Tamasha la Bagamoyo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yamekusanywa kwa ajili ya wakazi wa Bagamoyo, wazazi na walimu, pamoja na wageni wanaokuja kutoka Dar es Salaam na kwingineko kwa ajili ya makumbusho, maigizo, ngoma na tamasha la kila mwaka. Saa za kufungua milango na viingilio hubadilika, kwa hiyo havikuandikwa hapa. Ni vyema kuuliza kabla ya kufunga safari. Wengi wanaouliza maswali haya huanza kwa kusema kwamba mambo ya makumbusho na majukwaa ni ya watalii. Sikubaliani nao, na sababu zangu zitaonekana katika majibu yenyewe.

Ni wapi hasa mtu anaweza kuona maonyesho ya historia mjini Bagamoyo?

Sehemu kuu ni nne. Ya kwanza ni makumbusho ya Misheni Katoliki, yaliyo katika jengo la zamani la masista, ndani ya eneo ambalo wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi mwaka 1868. Humo mna picha za zamani, nyaraka, vyombo vya nyumbani na nakshi za mbao, pamoja na minyororo na pingu za enzi ya biashara ya watumwa. Ya pili ni Caravan Serai, kituo kilichopokea misafara iliyotoka bara. Ya tatu ni Ngome Kongwe, iliyojengwa karibu mwaka 1860, ikapita mikononi mwa Sultani wa Zanzibar, Wajerumani na Waingereza, na kwa miaka mingi ikatumika kama gereza. Ya nne ni Magofu ya Kaole, yaliyo kilomita tano hivi kusini mwa mji.

Ila itakuwa kosa kuishia hapo, kwa sababu mtaa wa Mji Mkongwe wenyewe ni onyesho lisilo na tiketi. Kuna Boma la Wajerumani la mwaka 1897, kuna forodha ya zamani karibu na ufuko ambapo hadi leo majahazi hupakia na kupakua, na kuna nyumba za mawe na chokaa zenye mabaraza na milango ya nakshi. Nyingine zimeanguka na miti imeota ndani ya kuta. Anayetaka kuelewa kwa nini uhifadhi unahitaji fedha na watu wenye moyo apite mtaa huo kwa miguu, polepole, bila kukimbilia picha.

Nina siku moja tu. Nianzie wapi?

Anzia Kaole asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, kwa sababu ndiko kulikotangulia kwa umri. Kisha rudi mjini uone Caravan Serai na Ngome Kongwe, halafu upite Mji Mkongwe kwa miguu, na mchana umalizie kwenye makumbusho ya misheni. Kama siku hiyo kuna onyesho la jioni katika ukumbi wa TaSUBa, taasisi ya sanaa ya mjini hapa, panga kulala Bagamoyo. Watu wengi hufanya safari kinyume: huanza na misheni kwa kuwa ndiyo inayotajwa sana, wakifika Kaole wamechoka na wanapatazama kwa dakika kumi tu.

Kuna nini cha kuona Kaole zaidi ya mawe?

Swali hili huulizwa zaidi na wanafunzi, na linastahili jibu refu. Kaole ilikuwa mji wa Waswahili karne nyingi kabla Bagamoyo haijawa bandari kubwa. Misikiti miwili iliyobaki kama magofu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mkubwa kwa umri kati yake huhesabiwa kuwa wa karne ya 13. Kuna makaburi zaidi ya 20, na baadhi yake yana nguzo ndefu za mawe zinazosimama upande wa kichwa. Ukisogea karibu na nguzo hizo utaona vishimo vya mviringo vilivyochongwa kwa uangalifu: humo yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China, mdomo wa bakuli ukiwa umeelekea nje ili ung'arie jua. Mabakuli hayapo tena ukutani, lakini mashimo yake yanaonyesha kwa umbo na upana ni chombo gani kilikaa pale. Mtu wa Kaole aliyefiwa alikuwa na uwezo wa kupata bidhaa iliyovuka Bahari ya Hindi, na badala ya kuilia chakula aliiweka juu ya kaburi la mpendwa wake.

Jambo la pili la kuangalia ni bahari, au tuseme mahali ambapo bahari ilikuwa. Mikoko na tope vilisogea hadi ghuba ikawa haifai tena kwa vyombo, na biashara ikahamia Bagamoyo. Simama kwenye magofu utazame upande wa pwani uone mikoko ilivyosimama kati yako na maji. Hapo utaelewa kwa macho yako jinsi mji unavyoweza kufa bila vita.

Jambo la tatu si la kutazama tu. Kaburi moja la Kaole, linalojulikana kuwa la Sharifa, bado linatembelewa na watu wanaokwenda kuomba dua na kuacha sadaka. Ukiwakuta watu pale, subiri wamalize, wala usiwapige picha.

Je, kila aliyefika Bagamoyo na misafara alikuwa mtumwa?

Hapana, na ni muhimu sana kulisema hili wazi, kwa kuwa baadhi ya masimulizi wanayopewa wageni huchanganya makundi mawili tofauti. Watumwa waliletwa Bagamoyo, wakauzwa, wakavushwa kwenda Zanzibar au wakafanyishwa kazi kwenye mashamba ya pwani. Hilo halina ubishi. Lakini sehemu kubwa ya watu waliopita Caravan Serai walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliobeba mzigo wa kilo 30 hivi kila mmoja kwa makubaliano ya ujira, mara nyingi ujira wa kitambaa. Walikuwa na viongozi wao, nyimbo zao za njiani, na misimamo yao walipoona wanapunjwa: wangeweza kuweka mizigo chini na kukataa kuendelea. Pembe za ndovu zilibebwa kuja pwani, na merikani (kitambaa cha pamba), shanga na nyaya za shaba zikabebwa kwenda bara, hadi Tabora na Ujiji.

Minyororo iliyowekwa kwenye onyesho huvuta jicho haraka, na inapaswa kuvuta. Hata hivyo mtazamaji makini atauliza pia kuhusu mpagazi. Kumwita mtumwa mtu aliyetembea miezi mitatu kwa ujira wake ni kumnyang'anya kazi yake na jina lake. Na kumsahau aliyeletwa kwa nguvu ni dhuluma nyingine. Maonyesho mazuri huwapa wote wawili nafasi. Muulize anayekuongoza swali hili moja kwa moja, kwani waongozaji wenye ujuzi hulipenda na hulijibu kwa upana.

Kwa nini makumbusho ya misheni humtaja sana Livingstone, wakati yeye hakuishi Bagamoyo?

Kwa sababu maiti yake ilipitia hapo. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu waliokuwa naye waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga, na kuubeba kwa miguu kwa miezi kadhaa hadi pwani. Walifika Bagamoyo Februari 1874, mwili ukalazwa katika kanisa la misheni, ambalo mnara wake bado umesimama, kisha ukapelekwa Zanzibar na hatimaye London, ukazikwa Westminster Abbey mwezi Aprili mwaka huo huo.

Ninashauri usimame kwenye mnara huo ukiwafikiria wabebaji. Majina ya Chuma na Susi yanajulikana, lakini walikuwa wengi, wanaume kwa wanawake, na walipita katika nchi ambazo kubeba maiti kungeweza kuwaletea balaa. Walipofika walikuwa wamefanya jambo ambalo hakuna aliyewaamuru, kwa kuwa aliyekuwa kiongozi wao alikwisha kufa. Mwalimu anayeleta darasa lake hapa anaweza kutumia saa nzima kwenye kisa hiki, na haitakuwa saa iliyopotea.

Katika eneo hilo hilo la misheni angalia pia mbuyu mkubwa na kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina lake, pamoja na historia ya kijiji walichokaa watu waliokombolewa kutoka utumwani, ambao ndio waliolima, wakajenga na kusoma hapo.

Je, Maulidi ya Bagamoyo ni sehemu ya matukio ya utamaduni?

Maulidi ni ibada kwanza, na yeyote anayehudhuria ajue hivyo. Lakini huwezi kuandika habari za mikusanyiko ya Bagamoyo ukaiacha. Sifa yake inatokana kwa kiasi kikubwa na Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana zaidi kama Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Alikuwa mtu wa asili ya Manyema, upande wa Kongo, aliyeletwa pwani utotoni akiwa mtumwa, akasoma, akawa mwanachuoni na kiongozi wa tarika ya Qadiriyya, mojawapo ya njia za Kisufi katika Uislamu, na watu wakawa wanasafiri kutoka mbali kuja kuhudhuria maulidi na zikiri. Katika mji ambao wageni huonyeshwa minyororo, mtu aliyeletwa kama mali akawa ndiye anayefuatwa na maelfu kwa elimu yake. Kwa maoni yangu kisa hiki kinastahili ukuta wake katika makumbusho yoyote ya mji huu.

Wanaotaka kuhudhuria bila kuwa Waislamu wazungumze kwanza na wenyeji, wavae mavazi ya heshima, na wakae mahali watakapoelekezwa.

TaSUBa ni nini, na kwa nini ukumbi mkubwa wa maonyesho uko katika mji mdogo namna hii?

TaSUBa ni kifupi cha Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Ilianza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na mwaka 2007 ikawa wakala wa serikali kwa jina ililo nalo sasa. Hapo vijana hufundishwa ngoma, muziki, maigizo, sarakasi, uchoraji, uchongaji na ufundi wa jukwaa.

Mizizi yake ni ya zamani zaidi. Baada ya uhuru serikali iliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, na katika miaka iliyofuata vikaanzishwa vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo. Vijana wa Kitanzania walipelekwa China katika miaka ya 1960 kujifunza sarakasi, na ndiyo maana hadi leo ukitazama wanafunzi wa Bagamoyo wakipanda juu ya mabega ya wenzao au wakizungusha mitungi kwa nyayo, unaona mafunzo ya Kichina yaliyokwisha kuvaa mdundo wa ngoma zetu. Vikundi hivyo vya taifa vilipovunjwa, wasanii wake kadhaa wakawa walimu wa kwanza wa chuo. Kwa hiyo chuo kilizaliwa kikiwa na walimu waliokwisha kucheza majukwaani ndani na nje ya nchi.

Ukumbi wa zamani uliteketea kwa moto mwaka 2002, jambo lililowaumiza wasanii kuliko ninavyoweza kueleza hapa, na ukumbi mpya ukajengwa katika muongo huo huo.

Tamasha la Bagamoyo hufanyika lini, na linahusu nini?

Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni Bagamoyo limekuwa likifanyika tangu mwaka 1982, na hivyo ni miongoni mwa matamasha ya sanaa yenye umri mkubwa nchini. Kwa miaka mingi lilifanyika mwishoni mwa Septemba; miaka ya karibuni limekuwa likifanyika Oktoba au Novemba, kwa siku chache mfululizo. Tarehe hutangazwa na taasisi yenyewe, na ni busara kuzifuatilia mapema kwa sababu nyumba za wageni hujaa.

Programu huwa na ngoma za asili, maigizo, sarakasi, muziki wa bendi, taarabu, mazingaombwe, maonyesho ya picha na vinyago, na warsha za mchana. Vikundi hutoka mikoa mbalimbali na nchi za nje. Wengi huja kwa ajili ya usiku, wakati wanamuziki wenye majina wanapopanda jukwaani. Mimi ningekushauri usikose mchana. Mchana ndipo vikundi vya vijijini na vya shule vinapocheza, hadhira ikiwa ndogo, na unaweza kumsogelea mpiga ngoma ukamuuliza ngozi yake ni ya mnyama gani. Nyuma ya jukwaa utawaona wakiwasha moto wa makuti makavu na kuzigeuza ngoma mbele yake, kila mmoja akigonga kwa vidole na kutega sikio, kwa kuwa ngozi iliyolegea kwa unyevu wa pwani haitoi sauti mpaka ipashwe. Wakishapatana sauti, moto huzimwa kwa mchanga na kazi inaanza.

Je, ngoma inayochezwa jukwaani ni ngoma halisi?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, na wazee wetu huliuliza kwa uchungu. Ngoma nyingi hazikuzaliwa kwa ajili ya watazamaji. Zilikuwa na mahali pake: mavuno, harusi, msiba, jando, tambiko. Zilichezwa usiku kucha, watu wakiwa wamezunguka duara, na aliyesimama pembeni angeweza kuingia wakati wowote akiwa anajua kuitikia. Zinapopelekwa jukwaani, duara hufunguliwa ikawa mstari unaotazama upande mmoja, usiku kucha hupunguzwa ukawa dakika kumi, na nyimbo zenye mafumbo ya ndani huachwa. Sindimba ya Wamakonde ilipozunguka nchi nzima kama burudani ya mikutano na sherehe za taifa, wengi waliiona kama kukata kiuno tu, bila kujua mafunzo ya unyago na jando yaliyoizunguka.

Kwa upande mwingine, bila majukwaa hayo, kijana aliyezaliwa Magomeni au Mbagala angeijua vipi bugobogobo ya Wasukuma, yenye wachezaji wanaorusha majembe juu na kuyadaka kwa mdundo wa kilimo? Angeiona wapi muheme ya Wagogo, ambayo ngoma zake hupigwa na wanawake wakiwa wamezibana kati ya mapaja? Mabadiliko hayakuanza na jukwaa. Ngoma zimekuwa zikisafiri na wapagazi, manamba (vibarua wa mkataba) wa mashamba ya mkonge na askari kwa zaidi ya miaka mia, na kila zilipofika zilichukua kitu na kuacha kitu.

Msimamo wangu ni huu: ngoma ya jukwaani ni kazi halali ya sanaa iwapo waliotoka nayo wanatambuliwa, na iwapo anayeicheza amefundishwa maana yake pamoja na hatua zake. Kikundi kinachotangaza kwamba ngoma hii ni ya watu fulani, wa mahali fulani, na huchezwa wakati fulani, kimetimiza sehemu kubwa ya wajibu wake. Kikundi kisichotaja lolote kinastahili kuulizwa. Na yaliyo siri ya unyago na jando yabaki huko huko. Hakuna tamasha lenye haki ya kuyadai.

Kwa nini jina la Hukwe Zawose husikika kila mara Bagamoyo?

Kwa sababu aliishi na kufundisha hapa, na familia yake imeendelea na kazi yake. Alikuwa Mgogo kutoka mkoa wa Dodoma, mwimbaji mwenye sauti iliyoweza kushuka chini sana na kupanda juu sana katika wimbo mmoja, na fundi wa zeze na ilimba. Alifariki Desemba 2003, akiwa amekwisha kuupeleka muziki wa Wagogo kwenye majukwaa ya Ulaya, Asia na Marekani.

Ukipata nafasi ya kushika ilimba, itazame kabla ya kuigusa. Juu ya sanduku la mbao zimepangwa fito za chuma, ndefu na fupi, zinazochezwa kwa vidole gumba. Sandukuni huwa na tundu lililofunikwa kwa utando mwembamba wa buibui, na utando huo ndio unaotoa ule mvumo wa kuwasha sikio unaofuata kila noti. Ukipasuka, ala inabaki na noti lakini inapoteza roho, na mpigaji huenda kutafuta utando mwingine kwenye kuta za nyumba. Watu hudhani mvumo huo ni kasoro ya ala kuukuu, kumbe umetafutwa kwa makusudi.

Maigizo huchezwa kwa lugha gani, na mtazamaji anatakiwa kufanya nini?

Karibu yote huchezwa kwa Kiswahili. Mada hutoka kwenye maisha: ardhi, ndoa, kazi, uongozi, ukimwi, mazingira. Baadhi ya vikundi hutumia mbinu ya kuwashirikisha wanakijiji: hufika kijijini, huuliza tatizo ni lipi, huigiza mbele ya watu, kisha husimamisha igizo katikati ili watazamaji wajadili nini kifuate. Mbinu hiyo imefanyiwa kazi sana Tanzania tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, hasa na walimu na wanafunzi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sehemu mojawapo ya mwanzo walikoifanyia ni Malya, mkoani Mwanza.

Mtazamaji wa hapa kwetu hatakiwi kukaa kimya kama yuko mahakamani. Vigelegele, kuitikia, kumwonya mhusika asidanganywe, vyote vinaruhusiwa na humsaidia mwigizaji kupima kazi yake. Katika ngoma na taarabu unaweza kwenda kutunza: nyanyuka wimbo ukiwa umekolea, mpe msanii fedha mkononi au uiweke mahali inapowekwa, kisha urudi kwenye kiti chako bila kumzuia kucheza. Simu zizimwe sauti. Kurekodi igizo zima na kulirusha mtandaoni bila ruhusa ni kumnyima msanii riziki yake, hata kama nia yako ni kumsifu.

Mimi ni mwalimu. Niandae vipi ziara ya wanafunzi?

Andika barua mapema, utaje idadi, umri na somo. Wanafunzi kwa kawaida hutozwa kiingilio cha chini, na wananchi hutozwa kidogo kuliko wageni wa nje. Usipange sehemu zote nne kwa siku moja kwa watoto wa shule ya msingi. Chagua mbili, kwa mfano Kaole na makumbusho ya misheni.

Wape kila watatu au wanne kitu kimoja cha kuchunguza, badala ya kuwaagiza waandike kila kibao. Kundi moja lichore nguzo ya kaburi, jingine lipime unene wa ukuta wa ngome kwa shubiri, jingine limuulize mzee wa mtaani habari za baraza la nyumba yake. Watoto walioagizwa kunakili maandishi hurudi na daftari lililojaa wakiwa hawakutazama chochote. Kuhusu minyororo na mahali pa kunyongea watu waliowapinga Wajerumani katika vita vya 1888 na 1889, zungumza nao darasani kabla ya kuja, ili wasikutane na mambo hayo kwa mara ya kwanza katikati ya msukumano na vicheko.

Nifikeje, na nivae nini?

Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kaskazini mwa Dar es Salaam kwa barabara ya lami. Daladala huondoka stendi ya Makumbusho na kupita Bunju na Mapinga. Foleni za Dar ndizo zinazoamua utatumia muda gani. Kwenda Kaole chukua bajaji au bodaboda, na mpatane bei ya kwenda na kurudi. Mji ni wa Waislamu wengi na Wakristo wa siku nyingi, kwa hiyo mavazi yanayofunika mabega na magoti yanafaa kila mahali.

Nikiwa Dar es Salaam, kuna sehemu inayohusiana na haya?

Ipo. Stendi ya Makumbusho ilipata jina lake kwa Kijiji cha Makumbusho kilicho jirani, kilichofunguliwa mwaka 1967, ambapo nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwa miti, udongo na nyasi kwa ukubwa wake halisi, na ngoma huchezwa. Ni tawi la Makumbusho ya Taifa. Makao makuu yako katikati ya jiji, karibu na bustani ya mimea, na ndiyo yenye dhamana ya fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale sana, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Anayetoka Kaole akiwa na maswali kuhusu kauri na biashara ya pwani atafaidika kupita hapo.

Nimeokota vigae vya zamani shambani, na nyumbani kwetu kuna mlango wa nakshi ambao mtu anataka kuununua. Nifanye nini?

Vigae viache mahali ulipovikuta, piga picha, kumbuka sehemu yenyewe, na utoe taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale au ya utamaduni ya wilaya. Kigae kilichohamishwa hupoteza nusu ya habari zake, kwa sababu mtaalamu hutaka kujua kilikuwa katika kina gani na pamoja na vitu gani.

Mlango ni suala la sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango na miimo ya mbao yenye nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, hata ikiwa ndani ya nyumba ya mtu binafsi. Haiuzwi kiholela wala kutolewa nje ya nchi bila kibali. Anayekuja na fedha taslimu na gari la kubebea usiku analijua hilo vizuri. Mwambie alete kibali kwanza, na kabla hamjaendelea na mazungumzo yoyote piga picha za mlango mzima, za nakshi za mwimo wa juu na za kila pembe, uzihifadhi, kisha uende ofisi hiyo hiyo ya wilaya ukaulize. Kama shida ni fedha za kutengeneza nyumba, ulizia pia kuhusu fundi wa kukarabati mlango hapo ulipo. Mafundi wa nakshi wapo Bagamoyo, na vijana wanaendelea kujifunza kazi hiyo.